SACCOS Bado Wanatumia Programu Niliyoiandika 2003

Kila kijana wa kompyuta anayepita pale ofisini ana ushauri mmoja: itupwe, iandikwe nyingine ya mtandaoni. Wanasema hivyo tangu enzi za Windows XP. Programu ipo, inahesabu akiba na mikopo, na Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, Oktoba 2025, niliihamishia Windows 11 kwa pesa isiyofika bei ya laptopu moja ya mtumba. Niliiandika kwa Visual Basic 6 (VB6), lugha ya programu ya Microsoft, data zikiwa kwenye faili la majedwali la Access. Huduma ya zana hiyo ya kuandikia ilisitishwa 2008, lakini faili la kuiendeshea, msvbvm60.dll, bado linakuja ndani ya Windows. Uzee wa lugha wanausingizia tu. Ubovu niliuweka mwenyewe nilipochagua vyombo vidogo vya kuhifadhia namba na tarehe.

Mfano, namba ya stakabadhi. Niliipa aina ya Integer, na Integer ya VB6 inaishia 32,767. Ilipofika zamu ya stakabadhi ya 32,768, programu ikaanguka kwa kosa namba 6. Dawa ni aina kubwa zaidi, Long, inayofika 2,147,483,647, ila badilisha kwenye msimbo na kwenye safu ya jedwali pia. Ukigusa upande mmoja, kosa linahamia upande wa pili.

Kilichonitoa jasho ni printa. Stakabadhi zao ni za karatasi ya nakala, kwa hiyo Epson LX-300 ya utepe lazima ibaki. Printa ya leza haigongi karatasi, nakala ya chini itabaki nyeupe. Programu inaandika moja kwa moja LPT1, mlango wa printa wa zamani, na kompyuta mpya hazina tundu lile la pini 25. Dukani wakaniuzia kebo ya kugeuzia USB, elfu ishirini na ushee: "Chomeka tu, mzee." Nikachomeka. Ukurasa wa majaribio wa Windows ukatoka safi, programu yangu ikagoma. Kumbe kebo hizi hujitambulisha kwa Windows kama printa ya USB, kwenye mlango unaoitwa USB001. LPT1 haizaliwi. Nikanunua ya pili, ya bei kubwa zaidi, ubishi tu. Yale yale.

Njia ilikuwa kwenye Windows yenyewe. Sakinisha printa kwa draiva ya Generic / Text Only, ishirikishe kwenye mtandao kwa jina fupi lisilo na nafasi, mimi niliiita LX, kisha andika kwenye dirisha la amri (Command Prompt):

net use LPT1: \\localhost\LX /persistent:yes

Tangu hapo kinachotumwa LPT1 kinaingia kwenye foleni ya printa hiyo. Usiandike amri hii kwenye dirisha lililofunguliwa kwa haki za msimamizi, maana itabaki kwa msimamizi na programu ya karani haitaiona. Nusu siku yangu ilipotelea hapo.

Nikadhani nimemaliza. Karani akatoa stakabadhi, kimya. Ya pili, kimya. Jioni alipofunga programu, zote zikatoka kwa mkupuo kama mahindi ya bisi. Msimbo wangu ulikuwa unafungua LPT1 asubuhi na kuifunga jioni. Kwenye tundu la kweli kila mstari ulitoka papo hapo, lakini foleni ya Windows inasubiri useme umemaliza. Nikaongeza amri ya kufunga, Close, baada ya kila stakabadhi. Na kwa kuwa karatasi ni nusu ukurasa, mwanzoni natuma Chr(27) & "C" & Chr(33), yaani ukurasa ni mistari 33, la sivyo printa inatema karatasi nzima.

Upande wa pesa nilitumia Single, aina ndogo ya namba zenye desimali. 2003 nani alikuwa anakopa milioni ishirini pale? Single inabeba namba nzima bila kosa mpaka 16,777,216 tu. Baada ya hapo shilingi 20,000,001 inarudi ikiwa 20,000,000, na hesabu za mwisho wa siku zinapishana kwa shilingi mbili tatu ambazo mhasibu anazisaka hadi usiku. Nikabadilisha kila Single kuwa Currency, aina ya kuwekea pesa, kwa mkupuo, nikajipongeza. Mwezi uliofuata riba ikapungua. Currency inashika tarakimu nne tu baada ya nukta: riba ya 12.5% kwa mwaka ukiigawa kwa 12 ni 0.0104167, yenyewe ikaweka 0.0104. Kwa mkopo wa milioni kumi hiyo ni shilingi 166 na senti kila mwezi. Currency iwe ya pesa, viwango vya riba viwe Double, aina inayoshika desimali nyingi.

Kisha miaka. Niliweka tarehe kama maandishi, mwaka tarakimu mbili, kubana nafasi (faili lote lilikuwa halijajaza hata disketi mbili!). Windows yao, kwa mpangilio wake wa kawaida, ilikuwa ikisoma 00 hadi 29 kama miaka ya 2000, na 30 hadi 99 kama 1900. Mikopo ya miezi 60 iliyotolewa Januari 2025 inaisha Januari 2030, na programu ikaisoma 1930: mkopo mpya umechelewa miezi 1,140. Kwa faini ya 1% kwa mwezi, mwenye deni la 3,000,000 akaandikiwa faini ya 34,200,000.

Mtaalamu mmoja akashauri nibadilishe mpaka huo kwenye Control Panel, uwe 2049. Mkopo utapona, lakini mwanachama aliyezaliwa 1945 atakuwa wa 2045. Tena mpangilio huo ni wa kila mtumiaji. Karani mpya akiingia kwa jina lake, 1930 imerudi.

Niliongeza safu mpya za aina ya Date, nikahamisha kila tarehe kwa maana yake. Mwisho wa mkopo siku zote ni mwaka wa elfu mbili na kitu. Kuzaliwa, 26 hadi 99 ni miaka ya 1900. Kazi ikabaki kwenye 00 hadi 25, kwa sababu wana akaunti za watoto, na 25 inaweza kuwa 1925 au 2025. Hizo hakuna msimbo wa kuziamua. Nilichapa orodha, karani akalinganisha na fomu za kujiunga. Zote zilikuwa za watoto isipokuwa moja, ya mwanachama mwanzilishi wa 1925, ambaye mpaka 2024 kwenye ripoti yangu ya umri alikuwa bado hajazaliwa.