Sabato, Shabbat na Shabbos

Jirani zangu Wasabato hapa Mwanjelwa, Mbeya, huitamka siku yao kwa "t", na kwa hilo wanakaribiana na Waisraeli wa leo, wanaosema Shabbat, kuliko Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki ambao, katika sala zao za jadi na katika Kiyidishi, lugha yao ya asili, husema Shabbos, kwa kuwa tav, herufi ya Kiebrania inayomalizia neno hilo, isipokuwa na nukta ndani yake huisoma "s". Wayahudi wa Yemeni, na hao ndio wanaonivutia zaidi, huisoma "th" ya thamani, sauti isiyompa Mswahili taabu yoyote. Hata wasemaji wa Kiyidishi wenyewe hawalingani: Torati huitwa Toyre kwa lahaja ya Polandi, na Teyre kwa ile ya Lithuania.