Mhuri kutoka Mbinga

Juzi saa tisa usiku, saa za huku Minneapolis, simu ilitetemeka chini ya mto. Alikuwa ni Mwalimu, aliyekuwa mkuu wa shule niliyopangiwa kazi mwaka 2010 kule Mbinga, Tanzania. Alituma picha tatu za karatasi moja, na ya tatu aliipiga kwa karibu sana ili mhuri usomeke. Mhuri wa bluu, wino umekolea upande mmoja, tarehe imeandikwa kwa kalamu juu yake. Chini yake jina langu kamili, cheki namba yangu, yaani namba ya mtumishi wa Serikali, ambayo mimi mwenyewe nilishaisahau, na maneno ya kuthibitisha kwamba nilifundisha Hisabati miaka sita bila kukatiza. Nikaanza kulia. Watoto wakaamka wakidhani kuna msiba nyumbani.

Niwaeleze ilikotoka karatasi ile, maana wapo walimu humu wanaonitumia meseji kila wiki wakiuliza kazi za huku zinapatikanaje.

Januari mume wangu alipata kazi Fort Worth, Texas, kwenye mizigo ya ndege. Akataka tuhame wote mara moja. Nikamwambia wewe tangulia, mimi na watoto hatutoki hapa mpaka nishike mkataba wa kazi mkononi. Aliniona mkaidi, na mawifi zangu wakaniona mkaidi zaidi. Lakini mimi najua nilivyofika nchi hii mwaka 2016 kwa bahati nasibu ya grini kadi, na digrii yangu ya DUCE, chuo kikuu kishiriki cha elimu Dar es Salaam, ndani ya bahasha, bila kazi. Nilisema nitaitafuta nikishafika. Nilikaa karibu miaka mitatu kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, nikigeuza wagonjwa kitandani, na mgongo wangu una kumbukumbu hiyo hadi leo. Kazi ile ni ya heshima na ilinilisha, lakini mimi ni mwalimu. Ilibidi nipeleke vyeti vikatathminiwe somo kwa somo, nianze kama msaidizi wa darasani, nirudi chuo jioni, nifanye mitihani, ndipo nikapewa leseni na darasa langu. Darasa hilo nimelishika miaka minne sasa. Kuanza tena chini sikuwa tayari.

Nyumbani tunalalamikia uhamisho, na tuna haki ya kulalamika. Mwalimu wa Kaliua anayetaka Morogoro anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mwaka mzima akitafuta mtu wa kubadilishana naye, halafu barua ikwame halmashauri. Lakini akihama, anahama na utumishi wake. Cheki namba ile ile, daraja lile lile. Sisi wa miaka ile hata kuomba hatukuomba: majina yalitoka, ukaliona lako, ukaripoti kituoni, ukapewa posho ya kujikimu ya siku saba, basi, umekuwa mwalimu wa Serikali. Huku hakuna anayekupangia. Unajinadi mwenyewe.

Na leseni ya Minnesota ni karatasi ya Minnesota. Ukivuka mpaka wa jimbo unaomba upya. Texas wana ofisi yao ya elimu, TEA, unafungua akaunti, unalipia wakague vyeti vyako, unatuma tathmini ya digrii ya nje kwa mara nyingine, unapigwa alama za vidole. Mimi nilichukuliwa alama kwa wino kwenye kituo cha polisi hapa hapa na kadi ikasafiri kwa posta. Ukiwa na leseni safi ya jimbo jingine wanaweza kukupa cheti cha mwaka mmoja ufundishe huku ukimalizia kinachodaiwa. Hiyo ndiyo njia niliyopita. Nilianza Februari, na nawaambia mapema ndiyo hiyo. Anayesubiri afike ndipo aanze kuomba leseni atafundisha kama mwalimu wa kuokoteza siku moja moja, analipwa kwa siku, hana bima.

Kitu kingine kilichonichosha: mji si mwajiri. Nilidhani Fort Worth ina idara ya elimu moja kama halmashauri, niandike barua moja. Kumbe ndani ya mji huo huo kuna wilaya za shule nyingi zinazojitegemea. Kuna ya Fort Worth yenyewe, kuna Keller, Crowley, Northwest, Eagle Mountain-Saginaw, na nyingine tena. Kila moja ina bodi yake, ngazi yake ya mishahara, fomu yake. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa wilaya tofauti. Nilijaza fomu 41. Kila fomu inataka uandike upya historia ya maisha yako yote, pamoja na jina la msimamizi wako wa kwanza kazini. Mara 41 nimeandika jina la Mwalimu na neno Mbinga.

Majibu yalikuwa kimya. Kisha nikagundua, baada ya kuongea na dada mmoja Mkenya anayefundisha kule, kwamba anwani ya Minnesota inawafanya waweke fomu yako pembeni. Wanahofu hutakuja. Nikajaribu kupata nyumba ili nipate anwani. Wakala wa nyumba akataka kipato mara tatu ya kodi, kithibitishwe kwa barua ya mwajiri wa Texas, na mume wangu yuko kwenye miezi ya majaribio. Ada ya maombi ya nyumba nikalipa, hairudi, nikakataliwa. Wa shule wanataka anwani, wa nyumba wanataka kazi. Siku hiyo niliichukia nchi hii kwa moyo wangu wote.

Dawa yake ilikuwa kuandika mstari wa kwanza kabisa wa barua: "Ninahamia Fort Worth Julai, mume wangu tayari anafanya kazi hapo, leseni yangu ya Texas imeshaombwa." Baada ya kuweka mstari huo, ndani ya wiki mbili niliitwa usaili mara tatu.

Usaili wa kwanza nimeubeba moyoni mpaka sasa. Niliufanya ndani ya gari, muda wa chakula cha mchana, simu nimeiegemeza kwenye usukani. Watu watatu kwenye kioo. Nilikuwa nimeandaa somo la mfano la darasa la nane, mteremko wa mstari, nikitumia nauli ya teksi: kiasi unacholipa ukipanda tu, na kiasi kinachoongezeka kwa kila maili. Nilifundisha vizuri, najua nilifundisha vizuri. Nilipomaliza mmoja akatabasamu akasema, "Somo zuri. Nina wasiwasi tu kama watoto wetu watakuelewa unavyoongea." Miaka minne nafundisha Waamerika. Watoto wangu wa mwaka jana wamepanda kwenye mtihani wa jimbo na wazazi wao wameniandikia. Nikamjibu kwa upole kwamba wanafunzi wangu wa sasa wananielewa, na matokeo yao yako kwenye barua ya mkuu wangu aliyonayo mbele yake. Akasema asante. Nikafuta uso, nikarudi darasani kipindi cha sita. Barua ya kukataliwa ilikuja saa kumi jioni siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu, mtaambiwa hivyo. Wengine watawaambia kwa tabasamu. Msipunguze sauti zenu kwa sababu hiyo.

Usaili wa tatu ulikuwa tofauti. Mkuu wa shule, mama wa makamo, aliniuliza maswali ya kawaida ya nidhamu na tathmini, kisha akashusha miwani. Akasema shule yake ina familia nyingi kutoka Kongo, waliokaa makambini miaka mingi kabla ya kuletwa Texas. Kwenye vikao vya wazazi mama anakuja na mtoto wa miaka kumi ndiye mkalimani, na mtoto anatafsiri anavyotaka yeye. Nimeona umeandika Kiswahili hapa chini, akasema. Ungemwambia nini mama kama huyo? Nikajibu kwamba kwanza ningemwamkia na kumuuliza za nyumbani, maana hawezi kusikia habari za hesabu kabla ya salamu. Akaniomba nifanye pale pale. Kumbe pembeni, nje ya kioo, alikaa msaidizi wa darasa, mama wa Bukavu, Kongo. Nikaamkia, nikajitambulisha, nikaeleza mtoto anaendeleaje. Yule mama akasogea mbele ya kamera, akacheka, akasema, "Kuya tu, mwalimu, tuko nakungojea."

Niliajiriwa siku nne baadaye. Hisabati, darasa la saba na la nane. Nawaambia hili kwa fahari na sifichi: Kiswahili changu, ambacho rafiki yangu mmoja alinishauri nikifute kwenye wasifu ili nisionekane mgeni, kiliwekwa mezani kama sifa ya kazi.

Ndipo ikaja barua ya utumishi ya wilaya. Mshahara unapangwa kwa miaka ya ualimu iliyothibitishwa. Miaka minne ya Minnesota haina shida. Sita ya Tanzania, wakasema, tutaihesabu ukileta fomu ya rekodi ya huduma iliyosainiwa na kupigwa mhuri na mwajiri wa wakati ule. Wilaya yangu ya hapa Minnesota haikuhesabu hata mmoja, na wakati ule nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimefurahi tu kupata darasa. Miaka minne nimelipwa kama mtu aliyezaliwa kazini juzi. Safari hii sikunyamaza. Tofauti ni zaidi ya dola 3,000 kwa mwaka, na mnajua hiyo ni mishahara ya miezi mingapi kwa mwalimu wa sekondari nyumbani.

Niliwapigia halmashauri. Simu haikupokelewa. Shuleni mkuu mpya hanifahamu. Nikampigia Mwalimu, ambaye amestaafu, yuko shambani kwake na kahawa, nje ya mji kabisa. Shikamoo, Mwalimu. Marahaba, Madam, hujambo? Nikamweleza. Hakuuliza atapata faida gani kwangu baada ya miaka yote hii. Aliuliza kitu kimoja tu: fomu ina kurasa ngapi?

Alikwenda mjini mara tatu kwa bodaboda, kwenye matope ya mwisho wa masika. Mara ya kwanza faili langu halikuonekana masjala. Mara ya pili lilionekana lakini mwenye mhuri alikuwa Songea. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi la koridoni tangu asubuhi mpaka akasainiwa, kisha akaenda stesheneri ikaskaniwa na kutumwa kwa barua pepe. Nilikuwa nimemtumia shilingi 50,000. Jana mama yangu kapiga simu kuuliza hela za nini, Mwalimu wako kanitumia 18,000 anasema ni chenji yako. Kwenye meseji yake kuna hesabu yote: boda safari tatu 24,000, stesheneri 4,000, chai na chapati 4,000.

Kwa hiyo ninyi mlio nyumbani na mna ndoto hizi, kabla hamjapanda ndege fanyeni kazi ambayo mzee wa watu kanifanyia mimi kwa miguu yake. Barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, rekodi ya huduma yenye mhuri, hati za mshahara, matokeo ya chuo kwenye bahasha iliyofungwa na chuo chenyewe. Chukueni nakala mbili mbili. Ukishaondoka, kila karatasi inakuwa safari ya mtu mwingine. Wanaoniuliza kuhusu viza ya J-1 ya walimu: ipo, ila Januari 2026 Marekani ilisitisha kuwapa Watanzania viza hiyo, kwa hiyo ulizeni kwanza; inataka digrii, uzoefu wa miaka miwili na Kiingereza cha kueleweka, ni ya miaka mitatu na inaweza kuongezwa miwili, na lazima kuwe na mdhamini aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ukiambiwa tuma hela kwanza ndipo ufanyiwe usaili, funga simu. Na mjue kwamba mwenye J-1 amefungwa na shule iliyomleta, hawezi kuamua kama mimi kwamba mwaka huu nahamia Texas.

Mwezi wa kujitupa ni Juni. Sheria ya Texas inamruhusu mwalimu mwenye mkataba kujiuzulu bila adhabu ikiwa zimebaki siku 45 au zaidi kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Masomo huanza katikati ya Agosti, kwa hiyo mwishoni mwa Juni watu wanaondoka kwa mkupuo na nafasi zinafunguka. Ukishindwa Aprili usikate tamaa, rudi Juni na fomu zako zikiwa tayari. Lakini sheria hiyo inakufunga na wewe: ukisaini halafu ukaghairi Julai, leseni yako inaweza kuadhibiwa. Na kodi ya mapato ya jimbo Texas hakuna, ila wilaya nyingi hazikukati mchango wa mafao ya uzeeni ya taifa (Social Security), zinakukata asilimia 8.25 kwenda mfuko wa walimu wa jimbo. Ulizeni mapema, kama mnavyoulizia PSSSF, mfuko wa mafao ya watumishi wa umma nyumbani.

Lori tumekodi kwa tarehe 12 Julai. Barabara ni moja tu, I-35, kilomita zaidi ya 1,500 kwenda kusini.

Jana jioni nilimpigia Mwalimu kumshukuru. Nilijiandaa maneno mengi. Hakuyapa nafasi. Aliuliza darasa la huko lina wanafunzi wangapi, nikamwambia 26. Akanyamaza kidogo, maana mkondo wangu wa Kidato cha Pili kwake ulikuwa na 94.

"Na vipindi?"

"Vitano kwa siku, Mwalimu."

"Sawa, Madam. Daftari zote zisahihishwe kila wiki."

Nikamwambia ndiyo, Mwalimu.