Siku yangu ya mwisho darasani, ugenini

Saa 11:30 alfajiri
Nimeamka kabla simu haijalia. Mapazia nilishayafua na kumrudishia mwenye nyumba, kwa hiyo hata nikikohoa chumba kinaitikia. Nilikuja kufundisha Kiingereza kwa mwaka mmoja. Imekuwa miaka miwili na miezi minne. Keshokutwa narudi nyumbani.

Saa 1:15 asubuhi
Napenda kuingia darasani kabla hakujawa na kelele. Saa ya ukutani inasema saba, kichwa changu kinasema saa moja, na hapo ndipo nilipoaibika mwezi wa kwanza. Nilichora saa ubaoni, mkono mfupi kwenye 7, nikatamka kwa kujiamini: "One o'clock!" Watoto kimya. Mwalimu msaidizi, ambaye ndiye mwenye lugha ya hapa, akakohoa mara mbili. Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze, wenzetu tangu usiku wa manane, na tofauti ya saa sita huwezi kuimaliza kwa usingizi mmoja. Mpaka leo nikifundisha saa nagusa tarakimu kwa kidole kwanza, ndipo nafungua mdomo.

Saa 2:00
Watoto 24, wa miaka sita na saba. Mlangoni kila mmoja huchagua salamu yake: kugonga kiganja, kuinama au kupunga mkono. Yupo mmoja anayezikataa zote tatu na kupita chini ya kwapa langu. Nilipambana naye wiki nzima kabla ya kuelewa kwamba ndiyo salamu yenyewe.

Saa 2:30
Simama. Kaa. Gusa pua. Ruka hadi mlangoni. Njia hii ya kufundisha lugha kwa amri na vitendo ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, miaka ya 1960, na kwa watoto wa umri huu sijaona inayoipita. Mtoto anasikia, mwili unajibu, mdomo utafuata siku ukiwa tayari. Wengi wakiingizwa kwenye lugha ngeni hunyamaza kwanza, wengine kwa miezi. Si ujinga wala ukaidi, wanakusanya.

Mvulana wa dirishani alikusanya miezi saba. Aliruka, aligusa pua, alichora kila nilichotaja, lakini sauti yake sikuijua. Kisha asubuhi moja jirani yake akamchukulia kifutio, akapasuka: "No! My!" Sarufi ilikuwa mbovu, nami nikageukia ubao nisionekane ninavyocheka kwa furaha. Siku hizi hanyamazi, na wazazi wake wasidhani nimeusahau mchango wangu katika balaa hilo.

Saa 4:00
Mapumziko. Msichana amejikwaa kwenye kamba na kuchubuka goti. Kabla sijafika, watatu wamekwisha kumzunguka: "Pole! Pole!"

Hilo sikulifundisha. Halimo kwenye kitabu wala kwenye mpango wangu wa masomo. Mwaka wa kwanza mtoto alianguka, neno likanitoka lenyewe. Nikajirudi, nikasema "sorry" kama mwalimu wa Kiingereza mwenye adabu. Mmoja wao akaniuliza kupitia kwa mwalimu msaidizi: mbona mwalimu anaomba msamaha, kwani yeye ndiye aliyemsukuma? Nilitafuta jibu la Kiingereza nikalikosa. Msamaha unahitaji mkosaji. Pole haimhitaji, unampa aliyeumia, mchovu, hata aliyenyeshewa tu. Kuanzia siku ile nikaacha kujirudi.

Wamechukua na "haya" ya kufungia kazi, na "aa-aa" ya kukataza, tena na kidole changu hewani. Nimelipwa kwa lugha moja, wao wakaokota ya pili chini ya meza.

Saa 6:30 mchana
Chakula. Mwalimu msaidizi hakuongea sana, nami pia.

Saa 8:00
Tumeagana. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi na hayakuja, isipokuwa yangu kidogo. Watoto hawa wana uzoefu. Kabla yangu darasa hili lilipitiwa na walimu wa kigeni wanne ndani ya miaka miwili, mmoja wao miezi mitatu tu, akaondoka na picha nyingi. Mtu akiniuliza kuhusu kazi hii nitamwambia: kama huwezi kukaa mwaka, tafuta namna nyingine ya kuuona ulimwengu. Mtoto wa miaka sita asifanywe fundi wa kuagwa.

Mmoja alibaki nyuma akifunga begi lake polepole. Akaniuliza kwa Kiingereza kama nitakuja Jumatatu. Nikasema hapana. Jumanne? Hapana. Jumatano? Hapana. Akaendelea hivyo hivyo hadi Jumapili, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Mtoto huyu kwa muhula mzima alikuwa akiruka Jumatano. Nimemwimbia, nimemchorea, nimempa kadi, bado kutoka Jumanne anatua Alhamisi. Leo hakuiruka.

Saa 9:30 alasiri
Ofisini. Funguo, kompyuta, vitabu 24, sahihi sehemu tano. Fomu moja ilipotea ikabidi nisaini upya, maana makaratasi ya kuondoka hayajawahi kuwa na haraka popote.

Saa 1:00 usiku
Sanduku lina kilo 26, ndege inaruhusu 23. Viatu viwili vimebaki, na koti zito ambalo nyumbani ningechekwa nikilivaa. Kadi za picha zimeingia.

Saa 3:00 usiku
Namwandikia mwalimu anayekuja. Nani asikae karibu na nani. Nani ana mzio wa karanga. Nani husema amemaliza wakati hajaanza. Kwamba r na l zitawasumbua, asikereke, hata kwetu wapo watu wazima wanaozichanganya. Kwamba yule anayepita chini ya kwapa aachwe apite.

Mwishoni nimeongeza: "Mtu akianguka utasikia wakisema 'pole'. Si Kiingereza kibovu. Usiwasahihishe."

Nikaifuta sentensi ya mwisho, ni darasa lake sasa. Nikairudisha. Nikatuma.