Siku yangu na vihisi vya kidonda

Nasomea shahada ya uzamivu Glasgow, Uskoti. Natengeneza vihisi vinavyokaa ndani ya bandeji na kupima majimaji ya kidonda, ili muuguzi ajue kinaendeleaje kabla hajakifungua.

Saa 2 asubuhi. Elektrodi, yaani sehemu za kihisi zinazopitisha umeme, nilizochapa kwa wino wa kaboni zimekauka. Nimezipaka polianilini, plastiki inayopitisha umeme, ambayo volti yake hubadilika pH (kipimo cha asidi) inapobadilika. Nazichovya kwenye bafa, yaani miyeyusho ambayo pH yake inajulikana, za pH 4, 7 na 10. Kinadharia, kwenye nyuzi joto 25, kila pH moja huleta tofauti ya milivolti 59 hivi. Iliyo mbali na hapo naitupa. Ngozi isiyo na kidonda ina asidi kidogo, pH 4 hadi 6. Kidonda sugu, kama cha mguu wa mwenye kisukari, mara nyingi hufika 7 hadi 9.

Saa 4. Sasa kazi yenyewe. Kwenye bafa safi karibu kila kihisi hupendeza, lakini kidonda kina protini, seli zilizokufa, bakteria na usaha. Nachanganya seramu ya ndama (majimaji ya damu yake yaliyotolewa chembe) na chumvi kuiga hali hiyo. Protini zinang'ang'ania elektrodi na namba zinaanza kuyumba, ingawa pH ni ileile. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Namba ya uongo inaweza kumfanya muuguzi akiache kidonda kinachooza kwa sababu kifaa kimesema salama. Utando wa haidrojeli, jeli yenye maji mengi, huzuia protini, ila kihisi kinakuwa kizito kujibu.

Saa 7 mchana. Shangazi anapiga kutoka Tanga. Ni muuguzi, amefunga vidonda miaka mingi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hicho kifaa chako kinanusa? Maana mimi kuna kidonda nakijua kwa harufu kabla sijamaliza kufungua, na gozi la bandeji nalikuta la kijani."

Namwambia huyo ni bakteria Pseudomonas, na sehemu ya rangi hiyo ni piosianini, kemikali ambayo elektrodi huitambua kwa umeme. Anafikiri kidogo. "Basi harakisha. Tunafungua kwa wasiwasi tu, na kila tukibandua gozi tunang'oa nyama changa."

Saa 8. Napima piosianini ndani ya seramu. Alama yake inaonekana vizuri, hata ikiwa kidogo.

Saa 10. Kikao. Mwenzangu anataka tuanze majaribio ya panya, anataja bandeji ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ya mwaka 2022 iliyopima joto na ukinzani wa umeme. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Ila kidonda cha panya hufunga zaidi kwa ngozi kujikunyata, tofauti na cha binadamu, na kihisi kisichohimili seramu hakitatufundisha chochote huko. Msimamizi anakubali tusubiri.

Saa 12 jioni. Naziacha elektrodi kwenye seramu ya nyuzi 32, nusu zina haidrojeli, nusu hazina, zisome kila dakika 10 hadi asubuhi. Itakayoyumba zaidi ya nusu pH haiingii kwenye bandeji.