Shemeji, mpira huu haulipi unavyodhani

Shemeji yangu wa Morogoro amenitumia habari za kijana wa Kiganda, David Matoma, mrushaji wa besiboli, yaani yule anayemrushia mpira mpigaji, aliyesajiliwa na Pittsburgh Pirates, timu ya ligi kuu ya Marekani, mwaka 2023. Chini yake kaandika: "Huyu katoka Kampala tu hapo. Wa kwetu ana mkono kumshinda." Wa kwetu ni mwanawe wa mwisho, yuko kidato cha pili, sifa yake kubwa ni kuangua maembe kwa jiwe moja.

Mimi besiboli sijawahi kuicheza. Naijua kwa sababu niko mapokezi, zamu ya usiku, kwenye hoteli moja hapa Louisville, Kentucky, na timu zinazokuja kucheza na Louisville Bats hulala kwetu. Louisville Bats ni timu ya Triple-A, daraja lililo chini tu ya ligi kuu, na ni tawi la Cincinnati Reds wa ligi kuu. Jumatatu ni siku ya mapumziko na safari. Kuanzia Jumanne hadi Jumapili wanacheza mechi sita na timu ileile. Kwa hiyo ile wiki nzima nakuwa na watu walewale, na kufika Alhamisi nimeshajua nani hali nyama na nani anaongea na mama yake usiku wa manane.

Wanaonivutia zaidi ni warushaji. Hawa ni karibu nusu ya kikosi, na ndio wenye maisha ya mashaka kuliko wote. Utamwona kijana wa futi sita na nusu anashuka na lifti saa sita usiku, barafu imefungwa begani na kwenye kiwiko kwa ile plastiki ya kufunikia chakula, mkono mmoja kashika bakuli la wali, anauliza kwa upole kama maikrowevu ya pale chini inafanya kazi. Kwa mkono wa pili hawezi kubonyeza kitu, nambonyezea mimi.

Watu wa nyumbani wakisikia mchezaji wa Marekani wanaona jumba na magari. Shemeji, sikiliza hesabu. Chini ya ligi kuu kuna timu 120 zenye madaraja manne: Single-A, High-A, Double-A, halafu hii Triple-A. Chini zaidi kuna kambi za vijana Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika. Matoma wako alianzia huko Dominika, akapanda hadi Bradenton, Florida, daraja la Single-A, na mpira wake unakwenda karibu maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Mkono wa namna hiyo ni nadra hata hapa. Na bado alikuwa na ngazi tatu nzima za kupanda kabla ya kuigusa ligi kuu.

Malipo? Hadi 2022 mchezaji wa Triple-A alikuwa na kima cha chini cha dola 17,500 kwa mwaka, na wa Single-A dola 11,000. Walikuwa wanajazana chumba kimoja, wanalalia magodoro ya kupuliza, miezi isiyo na ligi wanabeba mizigo maghalani. Wengine waliwapeleka waajiri wao mahakamani tangu 2014, kesi ikaisha 2022 kwa dola milioni 185. Mwaka huohuo wakaingia kwenye chama cha wachezaji, na mkataba wa 2023 ukapandisha Triple-A hadi dola 35,800. Mimi wa mapokezi, nikiweka na saa za ziada, napata zaidi ya hapo kidogo. Na kiwiko changu kizima.

Wapo waliopewa mamilioni siku ya kusaini, sikatai. Hao utawajua kwa viatu. Lakini ni wachache, na ukishawatoa hao, waliobaki ni vibarua kama sisi. Vijana wa Venezuela na Dominika wanatuma hela kwao kila wanapolipwa. Nikiwaona na simu wanahesabu makato ya kutuma najua kabisa wanachokihesabu.

Kinachowatia wazimu ni ukaribu. Ligi kuu kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, zaidi ya dola 4,000 kwa siku. Akiitwa juu leo, akakaa wiki moja, kesho akashushwa, ile wiki inalingana na miezi mingi ya huku chini. Akifikisha siku 43 anapata haki ya pensheni. Siku 43! Ndiyo maana mtu wa miaka thelathini na moja, mke na watoto wako mbali, bado anavumilia basi na maikrowevu. Na anaweza kupandishwa na kushushwa hadi mara tano katika msimu mmoja. Kuna aliyepigiwa simu saa saba usiku, akashuka na begi moja, akanirudishia kadi ya mlango huku anacheka peke yake. Kabla msimu haujaisha alirudi kwetu na timu yake ileile, safari hii hakucheka, ila alinikumbuka jina.

Halafu kuna kiwiko. Kano ya ndani ya kiwiko haikuumbwa kwa kazi ile. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa Tommy John, akampandikizia kwenye kiwiko cha kushoto alichorushia, na upasuaji ukabaki na jina la mgonjwa. John alirudi akacheza hadi 1989. Leo warushaji wenye lile kovu ni wengi mno, na kupona kunachukua mwaka au zaidi. Mwaka wa kukaa kambini unarusha taratibu kama mtoto, huku vijana wapya wanasajiliwa.

Ukitaka mfano wa Mwafrika aliyefika, mtazame Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg. Chicago Cubs, timu ya ligi kuu, walimchagua 2011. Ligi kuu aliigusa Juni 2019, miaka minane baadaye, mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kufika huko. Katikati aliwahi kuachwa akacheza Sioux City, timu isiyo tawi la timu yoyote ya ligi kuu. Baadaye akaenda Hiroshima, Japani, akarudi, akapitia timu kadhaa, ndipo 2024 akarusha zaidi ya mechi 60 kule Houston. Alikuwa ana miaka 32. Huyo ndiye aliyefanikiwa, shemeji.

Nilimweleza yote haya kwa ujumbe mrefu wa sauti wa WhatsApp. Alisikiliza, kimya kikapita, kisha akauliza: "Hivi hapo mapokezi mnaajiri?"