Jinsi mwendo wa damu ulivyonirudishia miguu yangu

Maumivu yaliyonipeleka hospitali yalikuwa na kanuni yake. Yalianza kwenye kigimbi cha mguu wa kulia kila nilipotembea umbali ule ule, yakakaza hadi nikalazimika kusimama, kisha yakaisha yenyewe ndani ya dakika chache bila dawa wala kuchuliwa. Ninaishi Ngamiani, Tanga, ambako barabara zinaitwa kwa namba, hivyo mpaka wangu ulionekana wazi: nilivuka barabara mbili, na kabla ya kuifikia ya tatu nilikuwa nimeshika ukuta wa nyumba ya watu nikisubiri mguu uniruhusu.

Daktari alipapasa mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, akayakuta hafifu, na kwa kuwa nina kisukari cha muda mrefu na nilivuta sigara kwa miaka mingi kabla ya kuiacha, aliagiza shinikizo la damu la kifundo cha mguu lilinganishwe na la mkono. Nililazwa chali, nikafungwa mkanda wa presha mkononi kisha juu ya kifundo, na mtaalamu akawa anapaka jeli na kuweka kalamu ya dopla, kifaa kinachotoa sauti ya damu inavyopita, juu ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini. Sauti ya mkono ilikuwa kali, yenye vipande vinavyofuatana upesi: damu ikisukumwa mbele, ikirudi nyuma kidogo, kisha ikienda mbele tena. Sauti ya mguu wa kulia ilikuwa mvumo mmoja mzito uliojikokota. Uwiano ulitoka 0.68, na unaposhuka chini ya 0.90 huhesabiwa kuwa ateri za mguu zimeziba kwa kiasi fulani. Mtaalamu alinieleza pia kwamba kwa wenye kisukari namba peke yake inaweza kudanganya, kwa sababu kuta za ateri zikishajaa chokaa hazibinyiki na uwiano unaweza kupanda hata kupita 1.40 ilhali mguu una njaa ya damu. Ndiyo maana alikaza sikio kwenye sauti.

Niliandikiwa statini, dawa ya kupunguza lehemu kwenye damu, na aspirini ya dozi ndogo, sukari ikawekewa uangalizi mkali zaidi, na moyo wangu ukapimwa kabla ya jambo lolote jingine. Baada ya hapo nikapelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye baada ya kuniamkia alinipa agizo lililonishangaza.

"Mwalimu, utembee mpaka maumivu yakaze, lakini usingoje yakuangushe. Usimame yaishe kabisa, halafu uendelee."

Nilimuuliza, "Binti yangu, mguu unaouma kwa kukosa damu tunauongezea mateso ya nini?"

"Damu ikipita kwa nguvu ndiyo dawa yenyewe, Mwalimu. Usipotembea haipiti hivyo."

Nimefundisha baiolojia ya sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo jibu hilo nililiendea kwenye vitabu na makala mpaka nikaridhika, na ninaamini kuridhika huko ndiko kulikonifanya niendelee katika wiki za mwanzo ambapo kila matembezi yalikuwa maumivu matupu. Upande wa ndani wa ateri umefunikwa na utando wa seli wenye unene wa seli moja tu. Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki walionyesha kwamba kipande cha ateri ya sungura kilichokwanguliwa utando huo hakilegei kinapopewa kemikali ya asetilikolini, wakati kile chenye utando mzima kinalegea. Baadaye ikajulikana kwamba kinachotolewa na seli hizo ni oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza mishipa, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi huo. Sasa, moja ya mambo yanayoziamsha seli hizi kutoa oksidi ya nitriki ni mkwaruzo wa damu inayopita juu yake, kama kiganja kinavyopita juu ya kitambaa. Damu ikienda mbele kwa kasi na kwa mfululizo, ateri hulegea na kupanuka, na mkwaruzo huo ukirudiwa siku hadi siku utando wenyewe hupata afya. Damu ikizidi kusitasita, ikienda mbele na kurudi nyuma, utando huanza kudhoofika.

Jambo hili limejaribiwa kwa binadamu kwa njia ninayoiona nzuri sana. Mwaka 2009 watafiti walifunga mkanda kwenye mkono wa chini kwa dakika 30, kwa shinikizo la milimita 25, 50 na 75 za zebaki, ili damu nyingi zaidi irudi nyuma katika ateri ya juu yake. Kadiri damu ya kurudi nyuma ilivyozidi, ndivyo uwezo wa ateri kupanuka ulivyopungua. Mwaka uliofuata, huko Liverpool, watu walifanya mazoezi ya kukaza na kulegeza viganja vya mikono yote miwili kwa wiki nane, lakini mkono mmoja ulifungwa mkanda uliopunguza mkondo wa damu wakati wa zoezi. Misuli ya pande zote mbili ilifanya kazi ile ile, ila ateri iliyofaidika ni ya mkono usiofungwa. Nilipoelewa hilo niliacha kuyahesabu maumivu yangu kuwa kipimo cha bidii, nikaanza kufikiria mkondo.

Utaratibu wangu ulijengwa hapo. Nilichagua njia tambarare ya kuelekea Raskazone, asubuhi kabla ya jua kukaza, kwa dakika 30 hadi 45 ukitoa za kupumzika, mara tatu kwa wiki au zaidi. Nilianza pole, kwa kuwa nilijua kwamba mwanzoni mwa zoezi la miguu mishipa ya viungo visivyofanya kazi hubana na damu ya mikononi huongeza kurudi nyuma, na kwamba mwili ukishapata joto mishipa ya ngozi hufunguka na mkondo wa mbele hutawala. Sikuona sababu ya kukatisha matembezi kabla ya kufika hapo. Viatu vilikuwa vipana na visivyobana, na kila jioni nilikagua nyayo na katikati ya vidole, maana mguu wenye kisukari na damu kidogo hauna uvumilivu na kidonda.

Saa zilizobaki za siku zilinitia wasiwasi zaidi. Tangu nilipostaafu ninatarizi kofia kwa mkono, kazi inayonikalisha juu ya mkeka nimekunja magoti hata magharibi ikaingia. Kukaa kwa saa nyingi kunapunguza mkondo katika ateri iliyo nyuma ya goti na kudhoofisha uwezo wake wa kupanuka. Hata hivyo, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri waliwakalisha vijana wenye afya kwa saa tatu, mguu mmoja ukitulia na mwingine ukichezeshwa dakika moja na kupumzishwa nne. Ule uliotulia ulidhoofika, ule uliochezeshwa ukaimarika. Nikahamia kwenye kiti, nikawa ninapigapiga kisigino sakafuni huku sindano ikienda, na kila nilipomaliza duara moja la tarizi niliinuka nikazunguka ua.

Wakati fulani nilipata lengelenge kwenye kidole gumba, nikakatazwa kutembea mpaka lipone. Mtaalamu aliniweka kwenye baiskeli ya kuzungushwa kwa mikono. Nilikuwa na shaka, lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulishaonyesha kwamba wagonjwa kama mimi wakifanya mazoezi ya mikono pekee umbali wao wa kutembea unaongezeka, na kweli niliporudi barabarani sikukuta nimepoteza kitu.

Wiki ya kumi na mbili ilipopita nilirudiwa kupimwa. Uwiano ulikuwa 0.70, karibu pale pale ulipokuwa, na daktari aliniambia ndivyo inavyokuwa kwa wengi: pale palipoziba hapafunguki kwa kutembea. Kilichobadilika ni utando wa mishipa iliyobaki wazi, vijishipa vidogo vya ndani ya misuli, na misuli yenyewe inayotumia oksijeni kwa ufanisi zaidi. Kwa sasa ninafika sokoni bila kusimama, na maumivu yananijia nikirudi, nikiwa nimebeba kikapu. Dawa ninaendelea nazo, na kikapu nimeshaambiwa nisikiache nyumbani.