Nilivyofaulu kuotesha majani ya ngano ndani ya nyumba Lamu

Ngano yetu hutoka bara kwenye baridi, Narok, Nakuru na Uasin Gishu. Nilipoanza kuiotesha hapa Lamu mjini, majirani waliniambia napoteza maji yangu bure. Sasa nina majani mabichi ya kukamua na kunywa karibu mwaka mzima.

Mbegu kwanza. Ngano ya bokoboko inayouzwa dukani mara nyingi imeshakobolewa, na punje iliyokobolewa haioti vizuri. Tafuta ngano nzima ya kuliwa, yenye ganda lake. Ile ya kupanda shambani iliyotiwa dawa, aghalabu yenye rangi nyekundu au ya waridi, usiiguse, maana majani haya hunywewa mabichi.

Punje naziosha, naziloweka usiku kucha, kisha nazichuja na kuzisuuza asubuhi na jioni mpaka kijimzizi cheupe kitokeze. Kwa joto letu hakikawii. Hapo nazitandaza kwenye sinia ya plastiki niliyoitoboa chini, zikaribiane bila kupandana, juu ya unga wa makumbi ya nazi. Makumbi yenyewe nayachagua sana: yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Hata ya nyumbani nayaosha mpaka maji yatoke safi. Samadi ya punda, ambayo Lamu haikosekani, naiweka kwenye mchicha tu, ambao hupikwa.

Maji ndiyo yenye kazi. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na ukimwagilia maji yake ncha za majani huungua zikawa kahawia. Nakinga ya mvua; yakiisha naagiza maji matamu ya Shela, yale yanayopatikana chini ya vilima vya mchanga. Sinia hainywi mengi, ni kunyunyiza asubuhi na jioni.

Halafu kuna ukungu. Vinyweleo vyeupe vinavyozunguka mizizi siku za mwanzo ni vya mmea wenyewe, usivitupe. Ukungu hupanda kwenye mashina kama utando wa buibui, na ukiunusa una uvundo. Kwa hiyo nafunika sinia siku mbili tu, kisha naiweka dirishani upepo unapopita, mbali na jua kali la mchana. Masika nikiona hewa imejaa unyevu, napunguza mbegu ninazosia.

Baada ya wiki moja hivi majani hufika kama sentimita 15. Nakata kwa mkasi, natwanga kwenye kinu na maji kidogo, nachuja kwa kitambaa na kukamulia ndimu. Shangazi yangu ana sukari, akaniuliza, "Mwanangu, nikinywa haya niache vidonge?" Nikamwambia, "La, shangazi, vidonge usiache. Hii ni mboga kama mboga nyingine." Wanaoyauza majani haya kama dawa ya kila ugonjwa wanawadhulumu wagonjwa.

Ngano ya punje nayo niliipanda kwenye ndoo mwezi wa Juni, ili ichanue wakati kusi limepooza hewa. Masuke yalitoka, lakini mafupi, na punje zilisinyaa. Joto likiikuta ngano kwenye maua, punje hazijai. Kwa unga wa chapati nitaendelea kununua wa bara. Sinia, naanzisha mpya kila ninapoifunua iliyotangulia, na ndiyo sababu hatukai bila majani.